Mfunze mtoto yai kabla hajafunzwa kuliogopa

Kiembeni, msomaji mpendwa, ni mtaa wa kuku. Ingia vichochoroni asubuhi na mapema uwaone matetea wakiparura jaani, majogoo juu ya kuta, na nyuma ya nyumba kadha wa kadha vibanda vya mabati ambamo kuku wa gredi hufugwa kwa ajili ya soko. Madukani trei za mayai 30 zimepangwa karibu na magunia ya unga. Jioni vijana hutembeza mayai ya kuchemsha ndani ya ndoo za plastiki, kachumbari upande mmoja na pilipili ndani ya chupa. Mgeni angedhani kwamba katika mtaa wenye mayai kiasi hiki hakuna mtoto anayelala bila kulionja.

Sivyo. Ziko nyumba, tena si chache, ambamo mtoto wa mwaka mmoja humaliza mwezi mzima kwa uji mweupe wa mahindi, chai ya rangi, na ugali uliolowekwa katika mchuzi wa mboga, hali tetea wa nyumba hiyo hiyo anataga chini ya kitanda. Mayai yale hukusanywa yakauzwa, na sehemu ya pesa hizo ikanunua soda na pakiti ya krispi ili mtoto anyamaze. Wazazi hao si wakatili. Wanampenda mtoto wao, na wanamnyima yai kwa sababu hiyo hiyo ya kumpenda, maana wameambiwa kwamba yai litamdhuru.

Litamdhuru vipi? Hapo inategemea aliyewaambia ametoka wapi. Wako wanaosema kwamba mtoto akizoezwa mayai atakuwa mwizi. Wako wanaosema atachelewa kusema, au hatasema kabisa. Mwanamke mjamzito naye huambiwa kwamba akila mayai atazaa mtoto asiye na nywele, au mtoto mkubwa wa kumshinda kumzaa. Magharibi mwa Kenya, miongoni mwa Waluhya wa zamani, kuku na mayai vilikuwa vyakula ambavyo mwanamke hakutakiwa kuvigusa, na Waganda walikuwa na mwiko kama huo. Sasa Kiembeni, kama sehemu nyingi za Kisauni, ina Wamijikenda, Waswahili, Waluhya, Wakamba, Wajaluo, Wataita na wengineo, wote katika ploti moja yenye bomba moja la maji. Mwenye kuamini hili akipanga chumba karibu na mwenye kuamini lile, baada ya mwaka mmoja wote wawili huamini yote mawili.

Wazee walikuwa na hesabu yao

Sipendi tabia ya kuwacheka wazee. Ukiitazama miiko hii kwa jicho la mtu mwenye kuku watano na shamba la mahindi, utaona kwamba haikutoka hewani. Kuku wa kienyeji anayejitafutia chakula hutaga mayai 40 hadi 60 hivi kwa mwaka. Kila yai linaloliwa ni kifaranga kilichopungua, na kifaranga ndicho kilichokuwa akiba ya nyumba, ada ya mganga, na heshima ya mgeni. Mtoto aliyekwisha kuonja utamu wa yai angejua njia ya kwenda kiotani bila kuonyeshwa. Hapo basi mwizi amepatikana, na kundi la kuku limekwisha! Na yule mjamzito aliyekatazwa mayai aliishi mahali ambapo hapakuwa na daktari wa kumpasua kama mtoto angekuwa mkubwa mno. Hofu ile, kwa maoni yangu, ilikuwa hofu ya watu wenye akili waliokosa hospitali.

Lakini hesabu imebadilika. Kuku wa gredi hukaribia mayai 300 kwa mwaka, na mayai yake hayana vifaranga ndani kwa kuwa hajaonana na jogoo. Dukani yai ni shilingi 15 au 20, chini ya bei ya ile soda. Mwiko umebaki peke yake, sababu iliyouzaa imekwisha kwenda zake.

Na mwiko huo una gharama. Katika uchunguzi mkuu wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022, asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko inavyostahili kwa umri wao. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 26, kwa hivyo kama taifa tumepiga hatua. Bali Kaunti ya Kilifi, ambayo inaanzia hapo ng'ambo ya kijito cha Mtwapa, na ambako ndiko asili ya jamaa wengi wa Kiembeni, ilikuwa na asilimia 37, na hakuna kaunti iliyoizidi. Udumavu si ufupi wa mwili tu. Mtoto aliyedumaa huugua mara kwa mara, huelemewa na masomo, na akipita miaka miwili kile alichokosa hakirudishwi kwa urahisi hata akilishwa nyama kila siku.

Usinielewe vibaya kwamba yai peke yake ndilo dawa. Nchini Ecuador, watafiti waliwapa watoto wa miezi 6 hadi 9 yai moja kila siku kwa miezi sita, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha udumavu umepungua kwa asilimia 47 ukilinganisha na watoto ambao hawakupewa. Watu walifurahi, wakaenda kujaribu vivyo hivyo Malawi, wilaya ya Mangochi, kando ya ziwa. Huko urefu wa watoto haukubadilika. Kwa nini? Sababu moja inayotajwa ni kwamba wengi wa watoto wale walikuwa tayari wanakula samaki. Habari hii yafaa sana kwetu sisi wa Pwani: nyumba ambayo mtoto anasagiwa dagaa kila siku haina haja ya kuhangaika. Taabu ni nyumba ambayo hakuna dagaa, hakuna maziwa, hakuna nyama, na yai lililopo limekatazwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linataka mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate nyama, samaki au mayai kila siku. Kati ya hivyo vitatu ni kipi kinachopatikana Kiembeni kwa shilingi 20, bila kukatwa, bila mifupa wala friji?

Ndani ya ganda hilo mna protini ya gramu 6 hivi, vitamini A ya macho, vitamini B12 ya damu, na kolini, kitu ambacho ubongo wa mtoto mchanga unakihitaji na ambacho uji mweupe hauna cha kutosha. Kisichomo ni vitamini C, ndiyo maana mwenye kumpa mtoto yai ampe na kipande cha embe, papai au chungwa.

Kwa nini mtoto, si mama yake?

Utaniuliza: mbona basi usiwafunze kina mama? Wamefunzwa. Kliniki wameambiwa, na kijitabu cha mama na mtoto wamepewa. Tangu mwaka 2023 wako pia wahamasishaji wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Mama hutoka kliniki ameelewa kabisa, akafika nyumbani akamkuta mama mkwe, au hawe kama wasemavyo Wagiriama, ambaye amelea watoto wanane bila kijitabu. Ni mkaza mwana gani atakayebishana naye mbele ya chungu? Heshima inamfunga mdomo, na yai linarudi kiotani.

Jambo la pili, ambalo wataalamu wengi hawaliandiki kwa kuwa hawakai katika ploti, ni kwamba mtaani kwetu yaya wa mtoto mchanga mara nyingi ni dadaye wa miaka saba au minane. Mama yuko Kongowea tangu alfajiri, au anafua nguo Nyali. Anayemkoroga mchanga uji, anayempangusa pua, anayeamua leo apewe nini, ni mtoto wa Gredi ya 2. Huyo ndiye wa kufunzwa! Naye atakuwa mama, au baba, katika miaka isiyozidi ishirini. Mtoto wa miaka minne hajaanza kuliogopa yai, na kumwelekeza ni rahisi kuliko kumgeuza mtu mzima.

Nasema baba pia, kwa makusudi. Huu mtindo wa kumfukuza mtoto wa kiume jikoni kana kwamba ataharibika, halafu akifika umri wa miaka ishirini na miwili anakwenda kupanga chumba peke yake Mwembelegeza na kuishi kwa mandazi na soda, ni ujinga ambao hauna hata ule udhuru wa wazee niliousema juu.

Anzia kwenye kitendawili

Watoto wadogo hawafunzwi kwa hotuba. Wanafunzwa kwa mkono, kwa jicho na kwa mchezo, na yai limeumbwa kwa ajili hiyo. Tega tu: nyumba yangu haina mlango! Hakuna mtoto wa Pwani asiyelijua jibu, na ukisha kulipata jibu umeingia darasani bila mtu kujua. Kweli haina mlango, lakini ina vitundu vidogo maelfu, visivyoonekana, ambavyo hewa hupitia. Litie yai katika siki usiku mmoja hadi miwili, ganda litayeyuka na kubaki yai laini linalonesanesa kama mpira, na mtoto atakuuliza maswali ambayo hutaweza kuyajibu yote.

Litumbukize yai katika bakuli la maji. Lililo jipya hulala chini, lililokaa siku nyingi husimama wima, na lile la zamani sana huelea, kwa kuwa chumba cha hewa ndani yake kimekuwa kikubwa. Mtoto wa miaka mitano akijua hili peke yake amekwisha kuiokoa nyumba na mayai viza. Zungusha mawili juu ya meza, la kuchemshwa na bichi: la kuchemshwa huzunguka kwa kasi kama pia, bichi hupepesuka. Na kama kuna tetea anayeatamia, mhesabieni pamoja siku zake 21 kwa kuweka alama za makaa ukutani. Usiku wa siku ya kumi mwulike yai moja kwa tochi gizani, uone mishipa ya damu. Hapo ndipo mtoto ataelewa tofauti ya yai lenye kifaranga na yai la dukani, na ule mwiko wa kumuua kifaranga utakuwa umejibiwa bila mtu kumtukana hawe.

Kuhusu rangi, tafadhali tusiwadanganye watoto. Kiini cha manjano iliyokolea huonyesha kwamba kuku amekula majani au mahindi ya manjano. Ganda la kahawia au jeupe hutokana na aina ya kuku. Yai la kienyeji ni tamu, nami mwenyewe nalipenda, lakini mama mwenye shilingi 20 asikose usingizi kwa kununua la gredi.

Kisha kupika. Mtoto wa miaka mitatu aoshe mikono kwa sabuni, alishike yai, alipitishe kutoka trei hadi bakuli. Atalivunja moja; vumilia. Wa miaka mitano alivunje ndani ya kikombe, kimoja kimoja, kabla ya kulimimina kwenye mengine, ili likiwa bovu lisiharibu yote. Apige kwa uma. Wa miaka saba au minane anaweza kukaribia moto, mtu mzima akiwa pale pale, si barazani akiongea. Jiko la makaa liinuliwe juu ya matofali, mpini wa karai ugeuzwe ndani, na sufuria ya maji ya moto isiwekwe kamwe chini sakafuni mahali wanapocheza wachanga. Wodi za watoto walioungua zinajaa kwa sababu ya mambo madogo kama haya.

Na usafi wake. Juu ya ganda na katika kinyesi cha kuku vinaweza kuwako vijidudu vya salmonela ambavyo huleta homa, kutapika na kuharisha. Yai lililopasuka litupwe. Lililochafuka lisioshwe na kuwekwa, kwa kuwa maji huondoa utando unaolinda vile vitundu. Lioshwe linapotaka kupikwa. Litaporudi swali la tetea wa chini ya kitanda, jibu langu ni fupi: atoke. Mchanga anayetambaa hutia kila kitu mdomoni, na kinyesi cha kuku ni kimojawapo.

Dunia nzima katika ploti moja

Hapa ndipo ninapotaka walimu wa chekechea wanisikilize. Kumfunza mtoto kwamba watu wengine hupika kwa njia nyingine si anasa ya shule za kulipia dola. Ndiyo njia nyepesi kabisa ya kumwonyesha kwamba hofu ya jirani yako juu ya chakula fulani haikuandikwa mbinguni, kwa kuwa ng'ambo kidogo tu watu wanakila na watoto wao wanasema vizuri na hawaibi.

Anza kwetu. Mwulize mtoto tofauti ya mkate wa mayai na mkate mayai, na usicheke, maana hata watu wazima kutoka bara hupotea hapo. Mkate wa mayai ni keki yetu ya Waswahili: mayai na sukari vinapigwa mpaka viumuke na kuwa vyeupe, unga na iliki vinatiwa, halafu unapikwa kwa moto wa chini na makaa juu ya kifuniko. Kinachouinua ni hewa iliyonaswa katika mayai, na mkono wa mtoto aliyetumwa kupiga unaijua kazi hiyo. Mkate mayai ni chapati nyembamba iliyofungiwa nyama ya kusaga na yai, ikakaangwa. Binamu zake wako Yemen na Saudia, na mwingine anauzwa Forodhani, Unguja, kwa jina la piza. Mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui, wengine huutia ute wa yai. Kababu ya yai, ambayo yai zima limevikwa nyama, ina ndugu Bara Hindi na ndugu mwingine Uingereza, na kila mmoja hudhani yeye ndiye mkubwa.

Toka nje kidogo. Uganda wanaviringisha mayai ya kukaanga na kabeji na nyanya ndani ya chapati, wakaiita rolex, jina lililozaliwa na Kiingereza cha mayai yaliyoviringishwa wala halina uhusiano na saa. Tanzania wana chipsi mayai, ambayo vijana huiita zege. Mhispania akiiona atasema ni tortilla yake ya viazi iliyopotea njia. Ethiopia hutia mayai mazima ya kuchemsha katika mchuzi mkali wa kuku uitwao doro wat, na ladha yake huzidi kwa kuwa Wakristo wa Kiorthodoksi huko hufunga siku nyingi bila nyama, maziwa wala mayai. Iran, siku ya Nairuzi mwezi wa Machi, mayai hupakwa rangi na kupangwa mezani. Ni mwaka ule ule ambao kivuli chake tunakiona Makunduchi katika Mwaka Kogwa.

Ukitaka darasa ambalo watoto hawatalisahau, pika mayai ya Wachina. Chemsha mayai, yagonge kwa kijiko mpaka maganda yapasuke bila kubanduka, kisha yarudishe motoni katika chai nzito yenye mdalasini. Wachina huongeza sosi ya soya na viungo vyao. Sisi tunayo karafuu. Yakimenywa yana michoro kama utando wa buibui, kila moja na wake. Viungo hivyo viko katika kila duka la Kisauni.

Vile vile mtoto ajue kwamba wako majirani wasiokula yai kwa imani yao. Wajaini na Wahindu wengi wa Mombasa hupika keki zisizo na yai hata moja. Huo si ujinga wala si woga. Mtoto wa miaka sita anaweza kabisa kutofautisha anayejizuia mwenyewe kwa dini yake na mtoto mchanga anayenyimwa asichojua.

Somo la Japani ndilo gumu, na kwa hilo ndilo muhimu. Huko watu humwaga yai bichi juu ya wali wa moto na kulila asubuhi. Wanaweza, kwa kuwa mayai yao huoshwa, hukaguliwa na kupigwa tarehe kwa kusudi hilo. Yetu hayakaguliwi hivyo. Kwa hiyo yule mjomba anayemwambia mtoto ameze mabichi mawili ili apate nguvu, ajibiwe kwa adabu kwamba nguvu imo katika lililopikwa. Utafiti mdogo wa Ubelgiji uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha mwili humeng'enya takriban asilimia 90 ya protini ya yai lililopikwa, na ya bichi asilimia 50 tu.

Ukidhani mafunzo haya ni ya watoto peke yao, kumbuka kware. Mwaka 2013 na 2014 Kenya nzima iliingiwa na wazimu wa mayai ya kware. Yalisemwa kutibu kisukari, presha, pumu, na ukosefu wa nguvu za kiume. Watu walikopa, wakaomba leseni kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, wakajenga vibanda. Wengine waliyameza mabichi kila asubuhi kama dawa. Bei ilipaa, kisha ikaporomoka, na waliobaki na ndege hawakupata pa kuwauzia. Taifa lililofunzwa yai likiwa dogo lingeuliza maswali mawili kabla ya kukopa.

Darasani

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulikuja na Sayansi ya Nyumbani, na wengi wenu mnaosoma hapa mlijifunza humo kushona kifungo na kupika uji. Marekebisho ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yakaliondoa katika mitihani ya msingi, na kisichotahiniwa Kenya hakifunzwi. Mtaala wa umilisi umerudisha lishe, pamoja na kilimo, kuanzia Gredi ya 4. Kwangu mimi huko ni kuchelewa. Yule yaya wa miaka saba hajafika Gredi ya 4.

Najua malalamiko ya wazazi. Mtoto alirudi na agizo la kupika, kupigwa picha, na picha kuchapishwa, na baba hana simu ya kupiga picha. Walilalamika kwa haki. Lakini yai halihitaji picha. Yai moja kwa watoto watano latosha kuonwa, kuelezwa, kuchemshwa na kugawanywa kwa uzi. Shule za chekechea, kwa Katiba ya 2010, ziko chini ya kaunti, si Nairobi, kwa hiyo hakuna haja ya kungoja waraka kutoka mbali. Kaunti ikitoa trei mbili kwa shule kila juma, mwalimu ana somo la sayansi, la hesabu, la lugha na la afya, na watoto wana kitu tumboni. Tena mwalimu aulize kwanza, kwa maandishi, ni mtoto gani yai humdhuru kweli. Wako wachache ambao yai huwavimbisha midomo, huwatoa vipele au kuwabana pumzi, na huo si mwiko wa mtu, ni ugonjwa. Wengi hupona wakikua. Ndiyo maana mchanga wa miezi sita huanzishwa kwa kijiko kidogo cha yai lililopikwa likaiva, likapondwa na maziwa ya mama au kiazi, mchana na si usiku, ili umwangalie. Akivimba au akipumua kwa shida, mbio hospitali.

Na wewe msomaji, Jumamosi hii mtume wako dukani alete mawili. Yaweke katika maji baridi yayafunike, yatie moto, na yakianza kuchemka mwache ahesabu dakika kumi kwa saa ya ukutani. Yatie katika maji baridi yamenyeke vizuri. Akikuta mviringo wa kijani kuzunguka kiini asiogope. Ni madini ya chuma na salfa yaliyokutana kwa moto wa kuzidi, na wakati mwingine atahesabu tisa. Moja lake. La pili alikate nusu mbili, moja aipeleke kwa hawe pamoja na chumvi, na nyingine aiponde kwa uma kwa ajili ya mdogo wake, mbele ya hawe huyo huyo.